Miraba Iliyokwenda Upogo

Saa sita mchana duka la vipuri vya umeme hujaa kama kuna kitu kinagawiwa bure. Nyuma ya kaunta alisimama fundi mmoja mrefu, shati la bluu lenye alama za moto wa kuchomelea waya, akihudumia watu watatu kwa mpigo na kuwasikiliza nusunusu. Mmoja tu alimsikiliza mzimamzima: mwanamke aliyevaa gauni la manjano lenye mifuko miwili mikubwa, yote imejaa kalamu za rangi.

"Nataka mota ndogo ishirini na nne."

"Ishirini na nne! Dada, unafungua kiwanda?"

"Nafundisha darasa la nne."

"Pole. Afadhali kiwanda."

Hakucheka. Alikaribia kucheka, na fundi, ambaye kazi yake ni kuona waya uliolegea kabla haujakatika, aliliona hilo.

Mwalimu alieleza kwamba wanafunzi wake wanatengeneza roboti za kuchora. Kibao kidogo, magurudumu mawili, kila gurudumu na mota yake, kalamu katikati. Mtoto anaandika amri kwenye kompyuta, nenda mbele, geuka kulia, na roboti inaacha mstari sakafuni juu ya karatasi.

"Basi chukua hizi nzuri. Hizo rahisi hazilingani nguvu. Moja inakimbia, mwenzake anajikongoja."

"Nipe hizo hizo zinazojikongoja."

Fundi akaona huyu ni mzuri lakini mbishi. Kwa uzoefu wake mambo hayo mawili hutembea pamoja. Akaandika namba yake nyuma ya risiti, "zikisumbua". Zilisumbua siku hiyohiyo saa kumi.

"Fundi, mota zako hazizunguki."

"Umeweka betri kichwachini?"

Ikasikika betri ikigeuzwa. "Sasa zinazunguka."

"Nije nizikague?"

"Si nimesema zinazunguka?"

"Ndiyo maana nauliza."

Akaenda Jumatano, akaenda na Jumatano iliyofuata, na kufikia ya tano alikuwa anaitwa mpenzi kwenye simu na fundi mbele ya watoto. Chumba chao kilikuwa stoo ya zamani ya madawati mabovu, mwisho wa korido, dirisha moja la kioo na jingine la boksi. Watoto walilala kifudifudi sakafuni, wakibishana na rula mkononi.

Mwalimu alikuwa na desturi moja iliyomkera fundi. Roboti ikienda upogo, hakuigusa. Alifunga mikono nyuma, akauliza, "Wewe ulitaka ifanye nini? Yenyewe imefanya nini?" Kisha akanyamaza mpaka mtoto ajibu. Kwa njia hiyo ya konokono watoto waligundua kwamba mota ya kushoto ina nguvu kuliko ya kulia, wakapima, wakapunguza namba ya nguvu ya kushoto kwenye amri zao. Msichana mmoja mwenye miwani alitumia wiki tatu kupata mraba mmoja. Wiki tatu zote fundi aliwashwa vidole.

"Mpenzi, ile ni kazi ya dakika mbili."

"Kwako."

"Sasa si nipo?"

"Upo. Kaa."

Ikakaribia siku ya wazazi. Mwalimu mkuu alishasema: roboti zikichora, chumba ni chao, zisipochora, madawati mabovu yanarudi kwao. Ijumaa mchana mwalimu akamwachia fundi ufunguo atengeneze soketi.

Soketi ilimchukua dakika kumi. Kwenye begi lake mlikuwa na mota mpya ishirini na nne, kazipima mojamoja, zote nguvu sawa. Akazifunga zote, anapiga mluzi. Kiherehere kikipata ufunguo hakihitaji kualikwa.

Jumamosi wazazi walijipanga ukutani, mwalimu mkuu mbele yao na suti ya kijivu. Watoto wakabonyeza. Roboti kumi na mbili zikaondoka kwa fahari, na zote, kama zimeitwa na mtu, zikakata kushoto. Kila mraba ukajikunja. Mzazi mmoja akapiga makofi, akidhani ni maua.

Msichana wa miwani alisoma amri zake kwa sauti, moja baada ya nyingine, hakuona kosa. Akakunja karatasi, akaitia kwenye begi.

Mwalimu aliinua roboti moja, akaigeuza. Mota zilimeremeta. Akamtazama fundi, ambaye bado alikuwa meno nje akisubiri sifa.

"Ni wewe?"

"Zote, mpenzi. Sasa zinalingana."

"Wao walishapunguza kushoto. Umefanya hesabu zao zote ziwe uongo."

"Nilitaka kukusaidia."

"Nani alikuomba?"

Mwalimu mkuu akawapa wiki mbili za kujaribu tena.

Simu za fundi hazikupokelewa. Siku ya tatu dada yake, fundi cherehani aliyekuwa akikaa naye, akachoka kumwona akiikodolea simu macho.

"Umemwomba msamaha nani?"

"Yeye, dada. Meseji kumi na moja."

"Kwani aliyechora ni yeye?"

"Ni watoto."

"Mdogo wangu, umri ulikuja na ndege. Akili inakuja kwa miguu."

Jumatano akasimama mlangoni mwa kile chumba. Mwalimu alikuwa na gauni la kijani, uso hauna habari naye.

"Mwalimu, nina maneno na darasa, si na wewe." Akawageukia watoto. "Nilibadilisha mota zenu bila kuwaambia. Hesabu zenu zilikuwa sahihi. Kosa ni langu."

"Hata zangu?" aliuliza yule wa miwani.

"Zako hasa."

"Mimi nilimwambia mama sijui hesabu."

Fundi akafungua begi. Alitoa mota za zamani, akaziweka mezani. Watoto wakajadiliana kwa kelele, wakaamua kubaki na mpya na kupima upya, kwa sharti moja: yeye atashika rula na hatagusa kingine. Akakaa kwenye kiti cha mtoto, magoti usawa wa kidevu. Roboti moja ikatoka kwenye karatasi, ikapanda kiatu chake, ikachora mstari mwekundu hadi kwenye soksi. Akauma mdomo, akaiacha ipite. Mwalimu aliona, akageukia dirisha la boksi kana kwamba nje kunaonekana.

Wiki mbili zilipoisha mwalimu mkuu aliinama juu ya mraba.

"Mbona huu haujafunga?"

"Umebaki nusu sentimita," alisema yule wa miwani. "Najua kwa nini. Njoo kesho."

Mwalimu mkuu akawageukia vibarua waliokuwa wakisubiri koridoni na madawati mabovu, akawaambia wayarudishe walikoyatoa.

Jioni simu ya fundi ikaita.

"Fundi."

"Naam, mwalimu."

"Mwalimu tena? Mpenzi kaenda wapi?"

"Alikuwa anasubiri ruhusa."

"Kapewa."

Fundi akapiga moyo konde. "Nataka kuja kwenu, niongee na baba. Nilishapanga siku, nikanunua na shati. Halafu nikasema hapana, nikuulize kwanza. Nije?"

"Njoo Jumapili saa nne. Ila baba ana redio iliyokufa mwaka wa pili huu. Ataiweka mezani mbele yako."

"Nisiiguse?"

"Mpaka akuombe."

"Asiponiomba?"

"Atakuomba. Nilishamwambia tangu juzi kwamba fundi anakuja Jumapili."

"Bila kuniuliza?"

Simu ilikuwa imeshakatwa.