Dalali Asiyepokea Simu

Chumba cha kungojea katika ofisi ya dalali kilikuwa kimefurika watu, feni ya darini imekufa, na hewa nzito kwa jasho na manukato makali. Muuguzi, amependeza ndani ya gauni la kijani, alipiga tena namba ya dalali. Simu ikalia nyuma ya mlango wa kioo. Akamwona dalali mwenyewe, midomo iking'aa mafuta ya chipsi, akiitazama, akiigeuza kifudifudi kwa kidole kimoja, kisha akiendelea kutafuna.

Muuguzi akageukia pembeni kwa kinyaa. Huyu ni mwanamke aliyezoea kusafisha vidonda vilivyooza bila kukunja uso.

"Umeona alivyofanya?" akauliza, bila kujua anamuuliza nani.

"Nimeona, dada. Yangu huwa anaifunika na kitambaa cha kufutia mikono."

Aliyejibu alikuwa fundi wa lifti, mrefu, sare yake ya buluu imekunjwa mikono hadi kwenye viwiko. Muuguzi akacheka bila kupenda. Wakaondoka pamoja wakimsengenya dalali njia nzima: ahadi za kesho, vikao visivyokwisha, ujumbe unaosomwa na kuachwa hapo hapo. Wote wawili walikuwa wamepeleka kwake bei zao za kununua nyumba, na kila mmoja akaambiwa angoje jibu la mwenye nyumba.

Simu za jioni zikaanza.

"Umekula?" fundi angeuliza.

"Nimekula hasira."

"Hizo hazishibishi, mpenzi. Nakuletea chakula."

Katika mazungumzo hayo muuguzi alimweleza kila kitu: mama yake aliyechoka kupanda ngazi hadi chumba cha kupanga, nyumba aliyotaka kuinunua, ya chini, yenye geti jeusi na dirisha la kona lililomfaa mama, hata kiasi cha juu kabisa alichoweza kulipa. Siku aliyolitaja lile dirisha, fundi alimuuliza tena geti ni la rangi gani, kisha akaaga mapema.

Dalali alipoendelea kumpuuza, muuguzi aliamua kwenda kwenye lile geti jeusi, kwa mwenye nyumba mwenyewe. Mlango ulifunguliwa na mwalimu mstaafu aliyevaa kitenge cha zambarau. Na sebuleni, ndani ya shati jeupe lililonyooshwa kama la bwana harusi, alikuwa ameketi fundi.

"Karibu, mwanangu," mwalimu akasema. "Huyu naye anasema dalali alimleta kuiona nyumba yangu."

Muuguzi akahisi ulimi umepakwa kitu kichungu. Ile bei. Yale maswali ya jioni.

"Kumbe ulikuwa unanichota maneno," akasema taratibu.

Fundi akainuka, akamwomba amsikilize. Aliponyoosha mkono, muuguzi alirudi nyuma kana kwamba anakwepa maji ya mtaro. Akatoka. Akaifungia namba ya fundi. Nyumbani aliosha uso mara mbili, na bado alijiona mchafu. Kila neno tamu aliloambiwa sasa lilimnukia mafuta ya chipsi.

Mama yake alisikiliza kisa chote kutoka kitandani, akauliza kama fundi alipewa nafasi ya kujieleza. Muuguzi akasema hataki hata kumsikia.

"Basi wewe na dalali wako mna tofauti gani?" mama akamwambia.

Maneno hayo yalimkera mpaka yakamrudisha kwenye lile geti. Mwalimu akamketisha, akamweleza bila kuzunguka. Dalali hakuwa amefikisha bei ya mtu yeyote. Alikuwa akimwambia mwalimu nyumba haina soko, ashushe, kuna rafiki yake angemsaidia kuinunua.

"Na yule kijana wako alikuja kujitoa ili nyumba uipate wewe," mwalimu akaongeza. "Alianza kunieleza kuna muuguzi mwenye mama mgonjwa wa miguu. Hajamaliza, ukaingia, kisha ukatoka kama kimbunga."

Siku hiyo wakakubaliana bei, na mauziano yakafanywa kwa mwanasheria. Dalali hakuitwa.

Muuguzi alimkuta fundi kwenye jengo la ofisi, amepiga magoti mbele ya lifti iliyokwama, mikono myeusi kwa grisi. Akamwomba radhi. Kisha, kwa kuwa bado alikuwa na kinyongo, akamuuliza kwa nini alimficha kwamba wanaitaka nyumba moja.

"Niliogopa utakataa nikikuachia, ukidhani nakuonea huruma," fundi akasema. "Nilikosea. Ningekwambia siku ile ile."

"Ungeniambia. Nimekuchukia vibaya sana, mume wa watu," akamtania.

"Mimi si mume wa watu. Nataka niwe wako."

Muuguzi akamtazama, grisi hadi kwenye kidevu, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi hakuona cha kumchukiza.

"Nyumba ni yangu na mama," akasema. "Hapo huingii kama mnunuzi. Njoo na wazee wako, uingie kama mume."

Fundi akaufuta mkono wake kwenye suruali, lakini muuguzi alikuwa ameshaushika.