Fundo Chini ya Pedali

Gari la Mwalimu Gibson lilikutwa Jumamosi, tarehe 14 Julai 1956, saa nne na robo asubuhi, limelala ubavu kwenye shamba la migomba chini ya mteremko wa Ronge. Mwenyewe alitolewa akiwa hai. Mguu wake wa kulia ulikuwa umepondeka, na daktari alisema ataamua Jumatatu kama utakatwa. Kwa waliomtoa alisema jambo moja tu: alikuwa anapanda, akakanyaga klachi abadilishe gia, pedali ikazama, gia ikatoka isiingie tena, gari likarudi nyuma na breki zikashindwa kulishika.

Kufikia saa sita polisi wa Voi walikuwa wamekwisha kumfungia Fundi Reuben. Yeye ndiye aliyeitengeneza klachi hiyo Jumatano, na inspekta hakuona haja ya kuumiza kichwa zaidi. Koplo Maundu aliiona. Maundu alikuwa ameendesha malori ya jeshi kule Burma, na hakuamini neno la mtu yeyote ambaye hajawahi kulala chini ya gari. Inspekta alikuwa mmoja wao.

Alikwenda shambani kulikagua mwenyewe; kwa bahati gari lilikuwa bado ubavuni, hivyo hakuchafua hata shati. Watu waliojaa pale walikuwa na mshitakiwa wao: Alexander mwenye duka, aliyemuuzia Mwalimu mkweche huo mwezi Machi.

"Sahani za klachi zilikuwa zimeisha," mmoja alisema. "Alexander alijua."

Maundu aliikandamiza pedali kwa mkono. Ilikwenda hadi sakafuni bila ubishi wowote.

"Sahani zikiisha, injini hupiga kelele na gari haliendi," alisema. "Lakini pedali hubaki na uzito wake. Hii haina uzito hata kidogo. Hii haijashika kitu."

Akaufuata mkono wa chuma unaotoka kwenye pedali. Ulikuwa unaning'inia. Tundu la pini lilikuwa tupu, na ndani yake mlikuwa na kipande cha kamba ya mkonge kilichokatika. Fundo lake lilikuwa gumu kama punje ya hindi, nyuzi zimegandana, ncha imerudishwa ndani. Kamba hiyo ilifungwa ikiwa imelowa maji, ikakaza ilipokauka. Maundu aliifunga kwenye leso yake, na tangu hapo akaanza kumshuku kila mtu.

Saa tisa alimkuta Reuben seli.

"Pini uliweka?"

"Niliweka, afande. Na kotapini mpya ya kuizuia isichomoke, nikakunja miguu yote miwili. Kamba nifanye nayo nini? Waya ninazo rundo zima."

"Inspekta anasema ulikosa pini ukaziba kwa kamba."

"Basi nimefungwa." Reuben alijifuta uso. "Na nikitoka, nani hapa Voi ataniletea gari tena?"

Kutoka hapo Maundu alikwenda nyumbani kwa Mwalimu. Dereva, Elijah, alikuwa ameketi barazani na koti lake, mikono magotini. Alikuwa mtu wa Ndara, mpole, aliyefunga marobota ya mkonge miaka sita kabla ya kujifunza udereva.

"Mbona hukuwa kwenye gari?"

"Mwalimu alipata leseni Alhamisi, afande. Mimi mwenyewe nilimfundisha. Leo akataka kwenda Mwanda peke yake."

"Asubuhi uliligusa?"

"Nililiosha saa moja, kama kila siku. Akaondoka saa mbili na nusu."

"Na wewe?"

"Nikasimama hapo getini mpaka akapotea."

Maundu alimtazama. Dereva aliyepewa mapumziko husimama getini kungoja nini?

Jumapili saa tisa aliwakusanya watu watatu kwenye ua wa kituo. Aliwapa kila mmoja chuma, gunia na kamba ya mkonge, akasema anataka vyuma vya gari vifungwe vipelekwe Mombasa. Alexander alifunga chake kama anavyofunga sukari, fundo likalegea kabla hajaliachia. Reuben aliishika kamba akaanza kutafuta koleo. Elijah aliingiza kamba mdomoni, akailowesha urefu wa shibiri, akafunga, akavuta huku amekanyaga mzigo kwa mguu, akarudisha ncha ndani.

"Mwalimu anaendeleaje, afande?" aliuliza, mikono bado kazini.

Maundu aliiweka leso iliyofunguliwa kando ya fundo la Elijah. Mafundo yalikuwa pacha.

"Pini iko wapi, Elijah?"

Elijah aliitoa mfukoni mwa koti. Ilikuwa imepakwa grisi na kufungwa kwenye karatasi safi.

"Kamba ilikuwa ikatike hapo hapo getini," alisema. "Akikanyaga mara ya kwanza. Ningemrudishia pini mbele ya macho yake, aone gari hili bila Elijah haliendi. Kwa kuwa sasa ana leseni, mwisho wa mwezi angeniambia asante, nenda. Mimi huko kwenye mkonge sirudi."

"Na ukailowesha kamba."

"Mkono ulifanya wenyewe." Elijah alimkabidhi pini. "Ningeifunga kavu, asingetoka uani."

Reuben aliachiliwa saa kumi. Alimpita Elijah bila kumsemesha, kisha akarudi akamwachia kipande cha muhogo alicholetewa na mkewe.

Jumatatu mguu ulikatwa. Maundu alikwenda hospitali jioni kumweleza Mwalimu, lakini Mwalimu ndiye aliyetangulia kusema, macho yakiwa yamefumbwa nusu.

"Koplo, nisaidie. Mtu aende akamwambie Elijah asitafute kazi kwingine. Sasa bila yeye siendi popote."

Maundu aliivua kofia yake, akavuta kiti, akaketi.