Jasho la Dobi

Dobi alipenda kupiga pasi asubuhi. Mvuke ulipanda, dirisha likaingia ukungu, na mawazo yake yakasafiri mbali. Mkono ulikuwa kwenye kola ya shati, lakini mwenyewe alikuwa mawinguni.

"Baba watoto, utaunguza," mkewe alimwambia.

Nguo walizianika juu ya paa, ghorofa ya nne. Huko ndiko kulikokuwa na jua. Zamani Dobi alipanda na beseni la mashuka huku akipiga mluzi. Sasa alipumzika kila ghorofa. Siku moja alikaa katikati ya ngazi, pumzi zimemwishia. Mkewe, pamoja na mgongo wake mbovu, akabeba beseni lote. Bila paa hakuna kazi. Wote wawili walijua hilo, ila hakuna aliyelisema.

Daktari alimpima. Moyo haukuwa na ugonjwa, ulikuwa umezoea uvivu tu. "Fanya mazoezi," alisema.

Kwa Dobi, mazoezi yalikuwa kitu kimoja: kukimbia hadi darajani na kurudi, kilomita nane, kama enzi za ujana wake. Alikimbia siku mbili, magoti yakavimba. Siku ya tatu alijibanza nyuma ya ukuta, akatazama mawingu saa nzima. Yalipita taratibu, meupe, na hakuna lililokuwa na haraka. Kisha akatoa mfukoni chupa ya kunyunyizia nguo maji ya marashi, akajilowesha uso na kifua, akaingia ndani akihema.

Mkewe alimpa taulo, akampongeza. Mchezo huo uliendelea wiki nzima.

Jirani yao muuguzi alikuja kuchukua sare yake. Akamkuta Dobi ndiyo kwanza anaingia, amelowa chapachapa.

"Shemeji," alisema, "jasho lako linanukia marashi ya nguo."

Mkewe hakucheka. "Mimi nabeba beseni, wewe unanidanganya?"

Dobi aliona aibu hadi masikio yakawaka moto. "Magoti yamegoma," alikiri. "Niliogopa kukwambia."

"Nani alikwambia lazima ukimbie mbali?" muuguzi aliuliza. "Kuna mazoezi ya vipindi vifupi. Unajikaza kidogo, unapumua, unajikaza tena. Tembea polepole dakika tano, mwili upate joto. Halafu tembea haraka dakika moja, haraka hata ushindwe kuimba. Kisha dakika mbili taratibu. Rudia hivyo mara nne, umalizie na dakika tano za polepole."

"Hayo tu?"

"Hayo tu, siku tatu kwa wiki. Usiunganishe siku, mwili nao unataka kupumzika. Ukizoea, ongeza vipindi. Kifua kikiuma au ukiona kizunguzungu, acha hapo hapo, nenda kwa daktari."

"Na wanaokimbia mbali?"

"Waache wakimbie, shemeji. Wana magoti yao."

Magoti yalipopona, walianza. Mkewe alisimama mlangoni na saa. "Haraka," alisema, na Dobi akakaza mwendo. "Taratibu," alisema, na Dobi akapunguza. Dakika zile za taratibu alizipenda sana. Aliota ndoto zake, sauti ya mkewe ikamrudisha.

Baada ya wiki nane alibeba beseni la mashuka. Ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alihema, lakini hakukaa. Juu ya paa alianika shuka baada ya shuka, upepo ukayajaza, akawa anatembea katikati ya weupe mtupu.

Mkewe alifika nyuma yake na vibanio, ameshika kiuno.

"Ile siku uliyokaa kwenye ngazi," alisema, "nilikuwa nahesabu pumzi zako. Niliogopa sana."

Dobi alichukua vibanio mkononi mwa mkewe, akamgeuzia beseni ili alikalie.

"Kesho tunatembea wote, mama watoto," alisema. "Polepole, kwa ajili ya mgongo wako. Saa nitashika mimi."