Mshika Fyuzi wa Korona

Ilianza kwa harufu ya nywele zinazoungua, jioni, na wala hapakuwa na moto popote. Halafu taa za kiwanda cha mkonge, kule tambarare ya Same enzi za Mwingereza, zikazimika. Korona, ile mashine ya kuparura majani ya mkonge, ikasimama imekabwa koo.

"Ingia, Fanueli!" nyapara Chande alifoka. "Toa uchafu huo kabla umeme haujarudi!"

Toa! Utadhani mikono ya mtu ni fagio. Wapare wa pale walikuwa na sheria yao, waliyojiwekea baada ya korona kumla mwenzao Hezroni: umeme ukikatika, fyuzi yake ing'olewe, aishike ndugu wa anayeingia, asimpe yeyote mpaka ndugu yake atoke. Umeme ukirudi haupigi hodi. Siku ile Fanueli alipoingia, aliishika Eliwaza, mkewe, aliyekuwa akianika nyuzi uani.

Harufu ikazidi. Sikioni kwake ikaja sauti ya mumewe, taratibu: "Eliwaza, nimeshatoka. Nipe."

Vidole vilikwisha kufunguka, ndipo kutoka ndani kabisa ya mashine Fanueli akakohoa, akamnong'oneza mkewe, "Bado kidogo, Mama Ruthi," na pumzi ya moto ikaendelea kumlamba Eliwaza shavuni, ikimbembeleza, ikimlilia, ikimwapia kwa sauti ileile ya mumewe, mpaka akaibana fyuzi kwapani, akamwita Mungu kwa Chasu, lugha ya kwao.

"Sikupi! Shindwa!"

Sauti ile ikakoma. Taa za uani zikawaka, na Chande akaja mbio.

"Umeme huo! Lete fyuzi!"

"Mume wangu yumo ndani, bwana nyapara!"

"Mkonge unaoza, we mwanamke!"

Akampokonya, akaichomeka. Jini lilibembeleza likashindwa. Chande hakubembeleza.

Fanueli alitoka hai. Mkono wake wa kulia haukutoka.

Meneja akasema ni jini tu, nani mwingine? Akaitwa mganga kutoka Bombo, akafukiza korona nzima, akasoma, akanyunyiza, mpaka ile harufu ya nywele ikakatika.

"Limetoka," mganga akatangaza. "Fanyeni kazi."

Watu wakashusha pumzi, Chande wa kwanza. Eliwaza akapenya katikati ya moshi, akamkamata nyapara ukosi wa shati, akamburuta hadi mbele ya chetezo.

"Shikamoo, mzee. Usifunge mkoba. Huyu umemwacha."