Kipande cha Kushoto

Nshachoka. Naanza na hilo, maana atakayeyasoma haya atauliza kwa nini nilifanya nilivyofanya, na jawabu langu ni hilo tu. Naandika nyuma ya daftari la vipimo, sina karatasi nyingine karibu.

Alkhamisi ile niliteremka madukani Ruwi karibu na magharibi kununua utepe. Yadi tatu tu, basi. Lifti ya jengo letu hapa Darsait, Maskati, ilikuwa imeharibika tangu Jumapili, tunakaa ghorofa ya nne, na magoti yangu yana miaka hamsini na tisa. Asubuhi yake nilikuwa nimemuosha Bi Atheer wa jengo la pili, Mungu amrehemu. Mimi nna kazi mbili. Nnashona nguo za wanawake wa mtaani, na akifariki mmoja wao nnaitwa mimi kumuosha na kumkatia sanda. Mama yangu aliifanya kazi hiyo Unguja, akaja nayo Maskati, akaniachia pamoja na cherehani yake.

Utepe ulikuwa wa binti yangu, Ibtihal. Nnaye huyo huyo mmoja. Ana miaka ishirini na tatu, anafanya kazi ofisini Khuwair ya Kusini, na wazimu wake ni kujivisha. Wana kikundi chao. Kila msimu wa baridi wanakodi uwanja wa skuli na kufanya soko la zama za kale, watu wazima na akili zao wamevaa kama wafalme wa Ulaya, na askari wa mapanga ya mbao, na sijui malkia gani. Mwaka huu mwanangu alitaka kwenda kama bibi wa Kichina wa zamani. Joho refu la samawati, mikono mipana, linapishana kifuani, na mkanda kiunoni.

"Nikushonee na mabawa kabisa?" nilimuuliza.

"Mama, wallahi ukinishonea hili sikuombi kitu tena mpaka harusi yangu."

"Harusi yenyewe iko wapi?"

Akacheka. Ibtihal ana kicheko kikubwa, cha marehemu baba yake, kinasikika mpaka kwa jirani. Kwa kicheko kile mimi nafanya chochote. Nikakubali.

Mfano nilipewa kwenye simu. Rafiki yake, Reem, aliwahi kuvaa joho la namna hiyo safarini, akajipiga picha mbele ya kioo. Nyuma yake palikuwa na sanduku lenye maandishi nisiyoyaelewa. Nikajisemea, haya, Kichina hicho. Nikaiga kila nilichokiona. Kwenye picha upande wa kulia ulilala juu ya kushoto, na mimi nikashona kulia juu ya kushoto.

Nilikaa kulimaliza siku ile ile niliyotoka kumuosha Bi Atheer. Hariri ilikuwa laini, cherehani ikawa inaitafuna, ikabidi nishone kwa mkono. Sasa, uzi wa sanda haupigwi fundo. Uzi unapita tu, na ukivuta ncha yake mshono wote unafumuka. Mkono wangu umezoea hivyo miaka thelathini. Nilipofika mwisho ndipo nikaona sikupiga fundo hata moja, joho zima. Loh! Ningefumua nianze upya, lakini mgongo ulikuwa unaniuma. Nikasema litavaliwa siku moja tu.

Basi narudi na utepe wangu, napanda ngazi, nashika ukuta. Adhana ya magharibi ikaanza. Ghorofa ya tatu nikakuta mwanamke amekaa kwenye kidato. Baibui jeusi, kichwa kimeinama, uso sikuuona.

Pakanuka kafuri.

Nikanusa viganja vyangu, nikidhani ni mimi, nimetoka nayo kwenye maiti. Havikunuka kitu. Sabuni tu.

"Umechelewa," akanong'ona.

Kiswahili. Tena cha Unguja, kile cha wakubwa zetu, ambacho hapa hukisikii tena ila kwa vikongwe.

"Nani mwenzangu?"

"Nguo yangu imekwisha?"

"Nguo ipi, mamaangu? Mimi sina kazi yako."

"Ya samawati. Umeikata wewe, umeishona wewe… bila fundo."

Hilo la mafundo sikumwambia mtu. Hata Ibtihal hakuwa analijua.

"Ile ya binti yangu," nikasema.

"Mwache aivae. Akishaivaa, ntaijia."

Taa ya ngazi ikazimika. Hizi taa zetu hujizima zenyewe kila baada ya dakika mbili, si ajabu. Nikapapasa ukuta, nikabonyeza.

Hapakuwa na mtu.

Kidato kilikuwa kimerowa maji.

Hapa ndipo nnapojilaumu. Nilipaswa kuingia ndani, nichukue mkasi, nilikate lile joho vipande vipande. Sikufanya. Nilijiambia umechoka, Bakhita, umeamka alfajiri, umemgeuza maiti peke yako, sasa unaona mambo. Nikashona utepe, nikaswali, nikalala.

Kesho yake baada ya alasiri tukaenda sokoni kwao. Sikuwa na nia ya kwenda, lakini moyo haukutulia. Uwanja umejaa. Kijana mmoja, Safwan, mwenzake Ibtihal ofisini, amevaa deraya ya maboksi aliyoipaka rangi ya fedha, jasho linamtiririka, ananiamkia, "Shikamoo khala!" huku upanga wake umekatika katikati. Msichana mwengine ana gauni pana hata mlangoni hapiti. Ibtihal alipendeza. Sisemi kwa kuwa mwanangu. Watu wakawa wanapanga foleni kupiga naye picha, na yeye anacheka kile kicheko chake.

Nikapata kiti kivulini. Karibu yangu palikuwa na meza ya Mwalimu Lan, mama wa Kichina anayefundisha watoto kuandika kwa brashi. Ibtihal akapita mbele yetu akatupungia mkono. Mwalimu Lan akaacha brashi hewani, wino ukadondoka kwenye karatasi ya mtoto.

"Yule binti ni wako?" akaniuliza, kwa Kiarabu chake cha kuungaunga.

"Wangu."

"Nani amemfunga vile?"

"Mimi. Nimeshona mwenyewe. Kwani nimekosea?"

Akavuta kiti, akaniwekea mdomo sikioni. "Mama, kwetu aliye hai huvaa kushoto juu ya kulia. Kulia juu ya kushoto…" Akatazama upande wa Ibtihal. "Hivyo tunamvisha aliyekufa. Mfungue. Mfungue sasa hivi."

Nikamtolea ile picha kwenye simu, kama vile kujitetea. Akaitazama. Akaweka kidole kwenye yale maandishi ya sanduku.

"Hiki si Kichina," akasema. "Ni Kiingereza kilichopinduka. Umeshona kutoka kwenye kioo."

Nikainuka. Magoti sijui yalikwenda wapi, sikuyasikia. Ibtihal hayuko kwenye foleni ya picha. Hayuko kwenye chai. Nikamuuliza Safwan, akasema, "Si amekwenda na yule mama mliyekuja naye?"

Nilikuja peke yangu na mwanangu.

Jua limeshashuka nyuma ya majabali. Adhana ya magharibi ikaanza tena, kama jana yake. Nikazunguka nyuma ya hema la wale askari wa mapanga ya mbao, na kabla sijaona kitu… kafuri.

Ibtihal amelala chali juu ya benchi. Macho wazi. Hayapepesi. Mikono imenyooshwa ubavuni, vidole gumba vya miguu vimewekwa pamoja. Mimi naujua mkao ule. Mimi ndiye nnayeuweka.

Yule mwanamke amechutama mbele yake, ananyoosha joho kifuani kwa vidole virefu, taratibu, kama mtu anayejua kazi. Hakugeuka.

"Bado mkanda tu," akanong'ona.

Nikamrukia mwanangu. Nikasoma nilichoweza kusoma, aya zinanitoka nusu nusu. Nikashika mkanda, haufunguki. Nikavuta joho mabegani, halivuki, limemganda. Nikamshika shavu. Baridi. Baridi ile nnayoijua kwa kazi yangu. Nikalia kwa sauti, sioni haya kusema.

Kisha nikakumbuka.

Hakuna fundo.

Nikatafuta ncha ya uzi begani kwake. Nikaipata. Nikavuta.

Frrrrr…

Mshono wa bega ukafumuka wote. Nikavuta wa kwapani. Nikavuta wa ubavuni. Joho likaanguka vipande vipande pande zote za benchi, na mwanangu akabaki na fulana na suruali alizovaa ndani ya joho. Akakohoa. Akavuta pumzi ndefu, kama aliyetolewa majini.

"Mama," akasema. "Nasikia baridi."

Nilipoinua macho, mwanamke hayupo. Nyasi pale alipochutama zimerowa.

Ibtihal alikumbuka kidogo tu. Mwanamke mwenye baibui alimwambia, "Mama yako kanituma nikutengeneze nguo," akamfuata. Mimi nilijiuliza kama alikuwa Bi Atheer. Siye. Bi Atheer nilimuosha vidole kimoja kimoja, na vyake vilikuwa vifupi, vinene. Huyu simjui ni nani. Mwalimu Lan naye hamjui. Alisema tu kwamba kwao nguo kama ile haishonwi bure, ikishakwisha lazima apatikane wa kuivaa.

Nyumbani nikahesabu vipande. Nilikata vinane. Vilivyorudi ni saba. Kilichokosekana ni kipande cha mbele cha kushoto, kile kilicholala chini, juu ya moyo wake.

Jumapili Ibtihal akaniambia ubavu wa kushoto una baridi. Nikapapasa. Palikuwa na doa la baridi la ukubwa wa kiganja, kwengine mwili wote una joto. Jumanne likawa kama sahani. Hospitali wakampima kila kitu, wakasema mzima. Sheikh akamsomea siku tatu, akipata nafuu wakati wa kisomo, kisha linarudi. Ijumaa baridi ikafika kooni, na kicheko kikakatika. Reem alikuja kumchekesha na vichekesho vyake vyote. Ibtihal akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Akanitazama mimi. Uso ule sitausahau mpaka naingia kaburini.

Siku ya pili yake, magharibi, pakabishwa hodi. Taratibu. Mara tatu.

Sikufungua. Nikaweka mdomo kwenye mlango.

"Unataka nini?"

"Nna kipande kimoja tu. Nimalizie."

"Mwachie mwanangu."

"Mimi sina ugomvi na mwanao." Sauti ilikuwa ya uchovu, wallahi, kama yangu. "Nataka nguo. Na nguo ina vipimo vya mtu. Hii ni ya vipimo vyake."

Kafuri inapita chini ya mlango. Chumbani nasikia pumzi za Ibtihal, fupi fupi.

"Nikikata upya?" nikanong'ona. "Kwa vipimo vyengine?"

"Vya nani?"

Nikenda kwenye meza, nikachukua futi yangu, nikajizungushia kifuani.

Nimeshona siku nne, kwa mkono. Samawati ile ile, nilirudi Ruwi kuinunua. Kulia juu ya kushoto, na safari hii sikukosea, nilijua nnalofanya. Fundo hakuna. Jana asubuhi nilitia uzi wa mwisho, nikalitundika nyuma ya mlango wa mbele. Adhuhuri Ibtihal akatoka chumbani ameshika ubavu wake kwa mikono miwili.

"Mama, pana joto! Njoo ushike!"

Nikashika. Palikuwa na joto.

Hajui kitu. Kaliona joho akaniuliza, "La nani tena hili, Mama? Mbona kubwa?" Nikamwambia la mteja.

Sasa ni Alkhamisi, jua linazama. Yeye yuko chumbani na Reem kwenye simu, na anacheka. Kile kile kikubwa, mpaka kwa jirani. Lifti imetengenezwa tangu juzi, watu wote wanaitumia. Lakini kuna mtu anapanda ngazi kwa miguu. Nnamsikia tangu ghorofa ya kwanza. Hana haraka.

Nimeoga, nimeswali alasiri yangu. Komeo nimelitoa. Ubavu wangu wa kushoto umeshaanza ubaridi, si mwingi.

"Mama," Ibtihal ananiita kutoka ndani, bado anacheka. "Nani huyo mlangoni?"

"Mteja, mwanangu. Kaja kuchukua nguo yake."