Jogoo Aliyestaafishwa na Pazia

Fundi wa nguo alikuwa na cherehani moja, mitetea mitano na jogoo mwekundu. Jogoo huyo aliachiwa na marehemu mumewe. Ndiye pekee aliyebaki wa mbegu ile.

Mjukuu alipozaliwa, fundi alimhamishia jogoo stoo. Akafunika tundu kwa pazia jeusi ili mtoto alale. Jioni tu ndipo alipomtoa kidogo kwa mitetea.

Miezi miwili ikapita. Jogoo hakuwika tena. Undu wake, ile nyama nyekundu ya kichwani, ulipauka. Mtetea akipita, hata shingo hageuzi. Mayai yote yaliyoatamiwa yakawa viza.

"Huyu amestaafu," alisema shemeji yake. "Jumamosi nakuja na kisu."

Fundi aliumia moyo. Alhamisi, daktari wa mifugo alikuja kujaribu koti lake jipya, akamkuta anafuta machozi.

"Kuna nini, mama?"

Akaonyeshwa stoo. Daktari alifunua pazia, akatabasamu.

"Hajazeeka huyu. Mwanga hupenya fuvu la ndege hadi kwenye ubongo. Ubongo ukiupata, hutoa kemikali zinazoamsha korodani zake."

"Kuku naye anazo?"

"Anazo, ndani ya tumbo. Kwenye giza husinyaa, kwenye mwanga hukua. Zikiamka hutoa homoni, yaani ujumbe unaosafiri kwenye damu. Ujumbe huo hurudi kwenye ubongo na kumwamuru awike, atafute jike."

"Kichwa kidogo vile?"

"Ubongo wenyewe hauzidi ncha ya kidole gumba chako."

Fundi alikitazama kidole chake. Miaka yote alidhani jogoo ni makelele tu.

"Nimpe vidonge vya nguvu?"

"Usimpe kidonge chochote. Mpe mchana, kisha vuta subira."

Siku hiyohiyo tundu lilihamia uani, mbali na dirisha la mtoto. Jumamosi shemeji alikuja na kisu chake, akarudi nacho amenuna.

Wiki ya tano, undu ulikuwa mwekundu tena. Jogoo aliinamisha bawa moja hadi chini, akamzunguka mtetea kwa hatua ndogondogo. Kisha akawika. Fundi aliacha cherehani, akasimama mlangoni kumtazama. Alijaa furaha, na alimwonea fahari ndege yule.

Mayai yaliyofuata yalitoa vifaranga tisa. Shemeji alikuja, akachuchumaa mbele yao kwa muda mrefu.

"Shemeji, naomba wawili," alisema taratibu. "Hii ni mbegu ya kaka."

"Utawapata," fundi alimjibu. "Lakini kwanza niletee kile kisu. Nitakatia nyuzi."