Anwani Niliyomwandikia

Kutoka uwanja wa ndege hadi mjini kuna njia tatu, na mimi nililipwa kuzipanda zote nikiwa na saa mkononi. Treni ni dakika thelathini na mbili. Basi la uwanja ni dakika hamsini na tano, kama hakuna mvua. Teksi inategemea: saa nane mchana utafika kwa dakika arobaini, lakini ukiipanda saa kumi na mbili jioni utamaliza saa nzima na ushee huku dereva akikusimulia shida zake. Anayetaka kubishana nami juu ya hilo, aje. Karatasi ninazo.

Ofisi yetu ilikuwa inaandaa kijitabu cha kuwasaidia wageni kulinganisha njia hizo. Kazi yangu ilikuwa kupanda, kupima muda, na kuwahoji abiria kumi na watano kila safari kwa fomu yenye maswali saba. Swali la saba ndilo lililokuwa kero: Unakwenda wapi? Andika mtaa na namba ya nyumba. Watu hawapendi kumwambia mgeni wanakolala. Na msimamizi wetu, tuliyembandika jina la Bwana Jaza, alikuwa hapokei fomu yenye pengo hata umpigie magoti. Anairudisha, na safari unairudia. Kwa hiyo wahoji wote tulikuwa na ujanja mmoja. Abiria akigoma kwenye swali la saba, unamwandikia anwani yako mwenyewe, maana hiyo ndiyo inayokuja bila kufikiri. Ukizisoma fomu zangu za mwezi ule utadhani nusu ya wasafiri wa dunia nzima walikuwa wanalala nyumbani kwangu.

Nyumbani kwangu alikuwepo mtu mmoja tu, baba. Macho yake yalikwisha miaka minne nyuma. Mchana alishinda na jirani yetu mshonaji, na jioni jirani akienda kwake kupika, baba anabaki sebuleni na redio mpaka nirudi. Mlango anauacha wazi apate hewa. Nimegombana naye juu ya mlango huo mpaka sauti imenikauka. Baba yangu hajawahi kumfukuza mtu aliyepiga hodi tangu anizae. Nampenda mzee yule kuliko nafsi yangu, na ndiyo maana nagombana naye.

Jumatatu nilipanda basi. Kwenye kiti cha nyuma kabisa alikaa mwanamke na begi la ngozi la kizamani mapajani, begi lenye kufuli. Nilipomfikia na fomu yangu, kiti kilikuwa kitupu. Sikuona basi likisimama. Nikajiambia nimesinzia.

Jumanne nilipanda teksi. Tulimpita pale mzunguko wa kwanza, amesimama kando ya barabara na begi lile. Foleni haikutubana, dereva akakanyaga mafuta. Darajani, kilomita sita mbele, tukampita tena. Dereva akapandisha kioo chake, joto lote lile, na shida zake akaacha kuzisimulia.

Jumatano ilikuwa zamu ya treni.

Niliipanda ya saa kumi na mbili na dakika tano, jua likizama nyuma ya uzio wa uwanja. Nilijipangia kumaliza mapema, nikawahoji watu kumi na wanne harakaharaka, wengi wao jukwaani kabla treni haijaondoka. Nilibakiza mmoja. Behewa la mwisho nilidhani ni tupu, nikataka kurudi... kisha nikasikia harufu. Nguo zilizofungiwa kabatini zikiwa bado mbichi, zikakaa humo miezi. Harufu hiyo hiyo.

Alikuwa dirishani.

Hakuwa wa kutisha kumtazama, hilo niseme wazi. Mtu wa makamo, umri wa mama zangu wadogo, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani, viatu vimepigwa rangi. Begi lilikuwa miguuni pake. Kwenye mshikio wa begi zilining'inia lebo za mizigo zile wanazofunga uwanja wa ndege, zaidi ya ishirini, na maandishi ya zote yalikuwa yamefutika.

Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Nimeamkia watu wa kila aina kwenye kazi hii, wenye kiburi, walevi, hata viziwi, na kila mmoja alifanya japo ishara ya kichwa. Huyu alinitazama tu akingoja niendelee. Nikakaa mbele yake kwa sababu nilikuwa nataka kumaliza kazi nirudi nyumbani.

Nilimuuliza amefika kwa ndege ya leo au ya jana, akasema alishafika. Nilimuuliza ni njia zipi amewahi kuzitumia, akasema zote. Nikaandika. Kalamu ilikuwa nzito, na mwanga wa behewa ukawa unapungua na kurudi, unapungua na kurudi.

"Leo kwa nini umechagua treni?"

"Kwa sababu umo."

Nilicheka. Ndivyo nilivyo, nikiogopa nacheka. Nikakimbilia swali la saba, unakwenda wapi, na hapo kwa mara ya kwanza akaniinamia.

"Sina pa kwenda," akanong'ona. "Niandikie wewe."

Na mimi nikaandika. Mkono ulijiendea wenyewe kama ulivyojiendea mara mia kabla ya siku ile. Mtaa. Namba. Nikaongeza hata kwamba mlango ni wa kijani, na sijui nani aliniuliza rangi ya mlango. Alikuwa anaisoma fomu akiwa ameniinamia vilevile, midomo ikicheza polepole.

"Nani yupo?"

"Baba," nikajibu, kabla sijajizuia.

"Ahsante, mwanangu."

Kuna kituo katikati ya njia ambapo treni inasimama dakika mbili kuipisha inayotoka mjini. Akashuka hapo. Nilimwona kwa macho yangu amesimama chini ya taa ya kituo, begi mkononi, na treni ikaondoka ikamwacha. Nilishusha pumzi. Saa yangu ilisema kumi na mbili na dakika ishirini.

Mkagua tiketi alikuwa amesimama kwenye mlango wa behewa muda wote ule, na hakuingia. Sasa akaingia. Ni mtu wa miraba minne mwenye sauti ya kuamsha behewa zima, lakini aliponijia alikuwa anaongea kwa kunong'ona.

"Umemwandikia wapi yule?"

Nikamwambia hizo ni siri za ofisi.

"Dada, sikutanii. Umemwandikia wapi?"

"Kwangu."

Akakaa. Mkagua tiketi hakai akiwa kazini, na kule kukaa kwake ndiko kulikonitia baridi.

Alinieleza kwa kifupi, macho yake yakiwa mlangoni. Hajui yule ni nani. Amekuwa akimwona tangu reli hii ifunguliwe, mara kwenye treni, mara kwenye basi, na madereva wa teksi wanamjua pia. Inasemekana alikuwa kitu cha kutumwa. Mtu fulani alimtengeneza na kumtuma kwenye nyumba ya adui yake, na huyo mtu akafa kabla hajaitaja nyumba. Basi akabaki anakwenda na kurudi, anatafuta wa kumwelekeza. Mhoji aliyenitangulia, yule tuliyeambiwa aliacha kazi kwa ugonjwa, alimwandikia kwa kaka yake.

"Akifungua lile begi ndani ya nyumba, nyumba hiyo haikaliwi tena," alisema. "Yeye anarudi uwanjani."

Nikamuuliza ndani ya begi mna nini. Akasema waliowahi kujua hawapo wa kuulizwa.

Nikapiga simu nyumbani. Iliita mara tatu. Mara nne.

"Mwanangu," baba akapokea, mchangamfu kabisa. "Mgeni wako amefika salama, anasema umemwelekeza wewe. Mbona hukuniambia kuna mgeni?"

Saa yangu ilisema kumi na mbili na dakika ishirini na nne. Kutoka kituo kile cha katikati hadi mlangoni kwangu hakuna chombo kinachofika kwa dakika nne. Hakipo. Mimi ndiye mtu pekee katika mji huu anayeweza kuapa hivyo. Nikaanza kupiga hesabu hata hivyo, kama mwehu: treni imebakiza dakika kumi na tatu, teksi kutoka stesheni hadi kwangu dakika nane, nikiruka foleni saba. Jedwali zima lilikuwa kichwani mwangu na halikunifaa kitu.

Nikamwambia baba amtoe mgeni nje. Akashangaa kwamba mimi ndiye ninayesema maneno hayo. Kisha akashusha sauti.

"Huyu mtu mzima wako simwelewi. Nimemkaribisha, haitikii. Yupo hapo mezani... nasikia anahangaika na kufuli."

Niliisikia na mimi. Kri... kri... Ufunguo kwenye kufuli lenye kutu.

"Baba, toka nje. Toka sasa hivi."

"Fimbo yangu siioni. Nadhani ameikalia."

Mkagua tiketi alikuwa amenishika kiwiko. Futa, aliniambia. Futa uandike pengine. Nikakata ile anwani kwa mstari, nikataka kuandika mtaa wa uongo. Akanizuia mkono. Mwenzangu aliyepita alijaribu hivyo, na haikukubali. Lazima iwe nyumba ya kweli, yenye watu ndani.

Nyumba gani? Ya jirani mshonaji tumepakana nayo ukuta. Ya Bwana Jaza sikuijua, na Mungu anisamehe, ningeijua ningeiandika bila kupepesa. Kichwani mwangu hamkuwa na anwani nyingine yoyote duniani.

Kri... kri...

Kisha kimya.

"Imefunguka," baba akasema.

Nikaingiza mkono kwenye furushi la fomu za jioni ile, nikachomoa moja, yoyote isiyo na anwani yangu, nikaenda moja kwa moja kwenye swali la saba. Mtaa. Namba. Ghorofa ya pili. Nikanakili yote kwenye fomu ya yule mwanamke, herufi zikipanda na kushuka, nikachana karatasi kwa ncha ya kalamu mahali pamoja. Nilipoweka nukta, nilisikia kiti kikiburutwa upande wa pili wa simu.

"Amesimama," baba akasema. "Anasema... anasema ameelekezwa vibaya."

Viatu. Hatua tano, sita, polepole, zinapita karibu kabisa na simu. Halafu sauti ya redio ikarudi, mtu anasoma taarifa ya hali ya hewa. Baba akanilaumu kwa kumfukuza mtu wa watu, akauliza ni harufu gani ile aliyomwachia mgeni, akaniambia fimbo imeonekana. Nikalia bila kujificha. Nilimwambia afunge mlango, na mara ya kwanza katika maisha yake hakubisha. Nikamsikia akilisukuma komeo.

Nilipoinua macho, mkagua tiketi alikuwa amekwenda. Fomu niliyoinakili ilikuwa bado mapajani mwangu, nikaisoma, kwa sababu ilikuwa lazima niirudishe kwenye furushi. Mwanamume. Amekuwa safarini miezi kumi na moja. Wanaomngoja nyumbani: mke na watoto wawili. Swali la sita, sababu ya kuchagua njia hii, nilikuwa nimeandika kwa mwandiko wangu mzuri jibu alilonipa: nataka niwakute watoto hawajalala.

Treni ikaingia mjini kwa wakati wake, dakika thelathini na mbili kamili.

Nilishuka nikiwa nimeshika simu sikioni. Baba hakutaka kukata, na mimi sikutaka akate. Watu walikuwa wanaelekea kwenye lango la kutokea, nje giza linaingia, teksi zimepanga mstari kushoto na basi moja la mjini limesimama kulia. Mtu akaniita kwa nyuma.

"Dada wa fomu!"

Alikuwa anatabasamu. Jozi mbili za viatu vidogo zilikuwa zimefungwa kwa kamba kwenye mkoba wake, mpya kabisa, moja nyekundu na nyingine nyeupe. Akaniambia mimi ndiye fundi wa mambo haya, basi nimsaidie.

"Kwenda kwangu saa hizi, kipi kinawahi? Teksi au basi?"

Nilijua. Teksi ingemfikisha kwa dakika kumi na mbili. Basi lingekaa hapo mpaka lijae, kisha lizunguke soko lote, si chini ya dakika arobaini. Fomu ilikuwa begani kwangu ndani ya mkoba, na kalamu ilikuwa mfukoni. Mstari mmoja tu ungetosha. Kukata, na kurudisha ile anwani ya mwanzo.

"Mwanangu," baba akasema sikioni mwangu, "utafika saa ngapi?"

Yule mwanamume alikuwa ananingoja, nyusi juu, ameniamini kabisa.

"Basi," nikamwambia.

Akanishukuru, akaniombea heri, akakimbia na viatu vile vikigongana mgongoni. Alipata kiti cha dirishani. Nilisimama pale namwangalia, nikijiambia kwamba angalau yeye nimemwokoa, na nikijua kwamba watoto wake sikuwauliza nani aokolewe. Basi lilichukua muda mrefu kujaa. Lilipoondoka alinipungia mkono, na mimi nikampungia.

Kisha nikaenda upande wa kushoto, nikaita teksi, nikamwambia dereva awahi.